Jumapili ya Wino Kidoleni

Kigoma, 25 Oktoba 2015, saa 4 usiku

Uchaguzi umeangukia Jumapili tena, kama ule wa 2010. Safari hii mchungaji alisogeza ibada hadi saa 6 mchana ili watu wakapige kura kwanza. Wazee wawili wa kanisa walinuna. Mimi sikununa, ila alfajiri nilijisikia vibaya kufunga kilemba cha ibada huku ninakoelekea ni kwenye foleni.

Tulitoka saa 11 na nusu, mimi na kijana wangu wa miaka 19. Ni kura yake ya kwanza. Kadi yake aliitia kwenye mfuko wa shati na akawa anaipapasa kila baada ya hatua tatu. Tulipofika, mbele yetu alikuwa amekaa bibi jirani yetu, na baibui lake na kigoda alichobebewa na mjukuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huko kwenu mmeomba?"

"Tumeomba, bibi. Wiki nzima."

"Na sisi tumesoma dua. Haya, basi leo Mungu ana kazi."

Tulicheka mpaka askari akageuka kututazama. Lakini neno lile lilinikaa, kwa sababu kule kanisani miezi hii miwili tumekuwa tukiomba kana kwamba Mungu ana wapiga kura wa upande mmoja tu. Watu wanahesabu vidole: Nyerere Mkristo, Mwinyi Muislamu, Mkapa Mkristo, Kikwete Muislamu, kwa hiyo sasa zamu yetu. Zamu ya nani hasa? Kati ya wagombea wawili wakubwa, Magufuli wa CCM ni Mkatoliki, Lowassa wa Chadema ni Mlutheri, sisi Wapentekoste hatuna mtu pale juu. Ungedhani tungekuwa waamuzi wazuri. Wapi! Kwaya imegawanyika hadi sauti ya tatu haiongei na ya nne.

Mama Anna Mghwira, mwanamke pekee anayegombea urais, hakuna hata anayemtaja. Mzee mmoja aliniuliza kama Neno linaruhusu mwanamke kutawala. Mimi ni mtu wa kufunika kichwa, na ninaamini mume ni kichwa cha nyumba, hilo silifichi. Hata hivyo nilimjibu: soma Waamuzi 4, Debora, mwanamke aliyewaamua Israeli. Akasema Debora alikaa chini ya mtende, hakukaa Ikulu. Bado sijapata la kumjibu.

Kinachoninyima usingizi lakini siyo dhehebu la rais. Ni waganga. Januari serikali ilipiga marufuku waganga wasio na vibali, baada ya ndugu zetu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo huku magharibi na Kanda ya Ziwa. Uchaguzi ukikaribia hofu inapanda, kila mtu huku anajua kwa nini, ingawa hakuna anayesema kwa sauti. Kwaya yetu ina binti mwenye ualbino, anaimba sauti ya kwanza. Tangu Agosti hajatembea peke yake baada ya saa 12 jioni. Mama yake humleta mazoezini na kumngoja nje kwenye benchi. Kisha Jumapili moja mgombea anakuja na bahasha, anapewa kipaza sauti, anasema "Bwana asifiwe" vizuri kuliko wengi wetu. Ijumaa yake alikuwa msikitini. Usiku alikuwa wapi, hatukumuuliza. Tulimpigia makofi, na binti yule aliimba ule wimbo wa kumkaribisha. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na nilipiga makofi.

Halafu kuna Burundi. Mtu wa Dar akisema "amani" anasema neno. Sisi tumeiona ikiwa imevunjika, ikishuka kwenye meli. Mei, meli ya Liemba ilipokuwa ikiwatoa wakimbizi wa Burundi Kagunga, kijiji cha mpakani, Uwanja wa Lake Tanganyika ulijaa mikeka na watoto, na kipindupindu kikawa kimeshaingia kati yao. Kina mama wa kanisa tulikwenda kupika uji. Kirundi na Kiha chetu havipishani sana, kwa hiyo niliongea na mama mmoja, mlokole kama mimi. Nilimwambia kwa ujinga wangu, tutawaombea. Akanitazama tu, akasema: "Na sisi tuliomba."

Kwa hiyo leo mchana, mchungaji aliposimama kuombea amani, niliitikia amina kwa moyo wote. Kijana wangu akaninong'oneza: "Mama, mbona haombei hesabu ya kura?"

Nilimfinya. Tukiwa njiani kurudi, mvua ya kwanza kwanza ikitunyeshea, nilitaka kumpa Warumi 13, tuzitii mamlaka. Nikakumbuka kwamba kwa Katiba yetu Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuhoji. Sasa kama haihojiwi huko juu, si ndiyo sababu zaidi ya hesabu kuwa safi huku chini? Sikumwambia. Nilimwambia avue viatu, vina matope.

Kura yangu ni siri na itabaki siri hata kwa daftari hili. Niseme tu kwamba karatasi ya ubunge ilinichukua muda kuliko ya urais. Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo amehama jimbo la Kigoma Kaskazini na kuja kwetu Mjini, nyumba nzima ya dada yangu imegeuka zambarau ya chama chake, na mimi ni fundi cherehani: msimu huu nimeshona kijani ya CCM, nimeshona zambarau, nimelipwa kote.

Jioni, vituo vilipofungwa saa 10, kijana alitaka kurudi. Nikamkatalia. Mahakama Kuu imeshasema juzi: ukishapiga kura nenda nyumbani, hata nje ya zile mita 200 kutoka kituoni usikusanyike. Akasema hakusanyiki na mtu, anakwenda peke yake kusoma karatasi ya matokeo ikibandikwa. Nilitafuta kosa kwenye hilo, nikalikosa. Nilimpa koti la baba yake.

Amerudi saa 3 na nusu, ameandika tarakimu kwa kalamu kwenye kiganja, nyingine zimeanza kufutwa na mvua. Tulikaa mezani, nikachukua simu, yeye akawa anasoma na mimi najumlisha. Mara ya kwanza ilikataa, nikadhani ndiyo hayo. Kumbe nilisoma 7 kama 1. Tulirudia. Ikakaa sawa.

Hicho ni kituo kimoja.