Jicho la Vumbi: wiki tatu za kumuuguza chinchila wetu

Nilirudi kutoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, theluji imeganda barabarani, nikamkuta Neema amepiga magoti mbele ya kizimba. Hata soksi hajavaa.

"Mama, Vumbi hafungui jicho."

Ilikuwa Januari 2024, hapa Dortmund. Vumbi ni chinchila wetu wa kijivu, na kwa kawaida jicho lake ni jeusi linalong'aa kama mbegu za papai lililopasuliwa sasa hivi. Asubuhi ile la kulia lilikuwa limefumba kabisa. Manyoya ya chini yake yamelowa na kushikana, na konani mwa jicho kuna tongotongo jeupe, zito. Mwenzake, Wingu, alikuwa anamlamba shavu.

Kwa asiyemjua mnyama huyu: ni jamii ya wanyama watafunao kama panya na simbilisi, mkubwa kidogo kuliko ngumi mbili, na asili yake ni milima ya Andes kule Chile. Aliwindwa kwa ajili ya ngozi hadi karibu aishe porini. Wengi wanaofugwa leo wametokana na wachache ambao mhandisi wa migodi Mathias Chapman aliwapeleka California mwaka 1923. Manyoya yake ni mazito mno, zaidi ya nywele hamsini kwenye tundu moja la ngozi, kwa hiyo haogi maji. Akilowa, kukauka ni kazi. Anaoga mchanga laini, anajibiringisha hadi vumbi litimke chumbani. Ndipo Neema alipompa jina.

Mimi natunza wazee, kuosha jicho la mtu ni kazi yangu ya kila siku. Nikachukua chupa ndogo ya salaini, yale maji safi ya chumvi ya asilimia 0.9, nikaipasha moto kwa kuishika kiganjani, nikamfuta kwa shashi. Pamba sikutumia kwa sababu inaacha nyuzi, na kila nilipofuta mara moja nilichukua shashi mpya. Jicho likafunguka kidogo. Jekundu. Akaligeuza kando ya mwanga akalifumba tena.

Ushauri ulianza kumiminika kabla sijanywa hata chai. Mdogo wangu yuko Dar es Salaam, na wakati ule ule jiji lilikuwa na mlipuko wa macho mekundu, ule uliotangazwa na Wizara ya Afya. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, mwoshe na chai ya rangi, huku mtaani ndiyo wanayotumia." Jioni jirani yetu, mama wa Kijerumani anayetupenda sana, akagonga mlango na kikombe cha chai ya kamomili, maana kwao ndiyo dawa ya jicho tangu bibi zao. Wote wawili nikawashukuru, na vyote viwili sikuvitumia. Chai si maji safi ya hospitali. Ina chembechembe za majani, na kama ndani ya jicho kuna mchubuko, unaupelekea uchafu kwa mkono wako mwenyewe.

Baba Neema naye alikuta chupa ya amoksilini ya maji iliyobaki Neema alipougua koo, akauliza kama tunaweza kumpa tone mbili. Nilikataa kwa kubahatisha tu. Baadaye daktari aliniambia kwamba pengine hapo ndipo nilipomwokoa. Chinchila, kama sungura, anachachusha majani ndani ya utumbo mpana kwa msaada wa bakteria. Amoksilini ya kunywa inawaua bakteria wale wema, wabaya wanajaza nafasi, sumu inatapakaa, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Dawa ya mtoto wako iache kabatini.

Kesho yake tulimpeleka kliniki iliyo karibu na kwetu, ambayo wateja wake wengi ni mbwa na paka. Tulikaa chumbani dakika tano. Daktari alimulika kwa tochi, akasema ni uvimbe wa ngozi ya jicho, akatupa matone yenye antibayotiki na kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja. Hakuuliza tunampa mchanga gani. Hakumpima uzito, wala mdomo hakuufungua. Mimi nilijua kwamba kotisoni haiwekwi kwenye jicho ambalo halijakaguliwa kama lina kidonda, kazini tunaambiwa kila mara, lakini mbele ya yule daktari nilinyamaza. Hilo limeniuma hadi leo kuliko jambo jingine lolote katika habari hii.

Siku mbili za kwanza wekundu ulipungua, tukafurahi. Jumamosi usiku jicho likawa na ukungu, kama kioo cha dirisha kilichopumuliwa wakati wa baridi. Jumapili asubuhi nilimpigia mama, Njombe. Mama amefuga sungura tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa wenu anaendeleaje?"

Nikaanza kumweleza jicho: rangi, ukungu, matone. Akanikatiza. "Jicho mwachie daktari. Wewe niambie, anakula?"

Nikashikwa na bumbuazi. Siku nne nilikuwa nimeliangalia jicho tu. Nyasi kavu nilikuwa naziweka asubuhi, jioni naona zimepungua, najua wanakula. Sikukumbuka kwamba mle ndani wako wawili. Mama akaendelea: "Akijikunja konani na meno yanasagana, huyo ana maumivu. Na asiyekula, tumbo linasimama. Sungura hafi kwa jicho, anafia tumboni."

Tulimweka kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli. Gramu 571. Neema akakimbilia daftari lake; tangu Septemba alikuwa akiwapima kila Jumamosi kwa ajili ya somo la sayansi, ila wiki ile ya ugonjwa aliiruka. Uzito wa mwisho ulikuwa gramu 618. Gramu 47 kwa mnyama wa ukubwa ule ni kama mtu wa kilo 70 apoteze zaidi ya kilo tano kwa wiki. Tukatazama trei: vinyesi vya Wingu vinene, vyeusi, pembeni vingine vidogo, vyembamba, vikavu kama mbegu za mchicha. Neema akaanza kulia bila sauti.

Jumapili ile ile tulipanda treni hadi mji wa jirani, kwenye kliniki yenye daktari anayewajua sungura, simbilisi na chinchila. Huku Ujerumani ada za matibabu ya wanyama zimepangwa kisheria, na ukienda kwa dharura nje ya saa za kazi unalipa ada ya euro 50 juu ya bei, na bei yenyewe inaanzia mara mbili ya kiwango cha chini. Bili yetu ilifika euro 287. Niliilipa na ningeilipa tena, ila ningeenda Ijumaa mchana ingekuwa ndogo zaidi.

Daktari yule alianza na mizani. Kisha akaangalia meno kwa kijidarubini kinachoingizwa mdomoni. Kisha akazima taa. Alidondosha rangi ya fluoresini jichoni, akasuuza, akamulika kwa mwanga wa buluu, akamwita Neema aje aone. Katikati ya kile cheusi kulikuwa na doa la kijani linalowaka, ukubwa wa punje ya ulezi. Pale ndipo utando wa mbele wa jicho, konea, ulipochubuka. Rangi hushika kwenye kidonda tu. Penye uzima huteleza na kuondoka na maji.

"Yale matone yaacheni leo hii," akasema. Kotisoni ilikuwa imeondoa wekundu, ndiyo maana tulidhani anapona, huku ikizuia kidonda kufunga na kuwafungulia bakteria mlango.

Alichukua uchafu wa jicho kwa kijiti chenye pamba akaupeleka maabara, halafu akapiga eksirei ya kichwa. Hilo la eksirei nalitilia mkazo. Chinchila ana meno 20 na yote yanaota maisha yake yote. Asipotafuna nyasi za kutosha, magego hayasagiki vizuri na mizizi yake hurefuka kwa ndani. Ya taya la juu ikipanda inabana njia ya machozi na hata kusukuma jicho kutoka nyuma. Kwa nje unaona jicho linalotoa machozi, kumbe ugonjwa uko kwenye jino. Kwa Vumbi mizizi ilikuwa imerefuka kidogo tu. Haikuwa chanzo cha kidonda, lakini ni jambo la kuangaliwa.

Tulirudi na vitu vitatu: matone ya antibayotiki ya ofloksasini ya kuweka kila baada ya saa nne, dawa ya maumivu ya meloksikamu mara moja kwa siku, na unga wa nyasi wa kukoroga na maji na kumlisha kwa bomba la sindano, mililita 7 mara nne kwa siku.

Kila baada ya saa nne maana yake ni usiku pia. Nikiwa zamu, saa nane usiku aliamka Baba Neema, saa kumi na mbili asubuhi Neema kabla ya shule, mchana mimi. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kumshika. Chinchila akibanwa kwa nguvu anaachia manyoya, unabaki na konzi la manyoya mkononi na yeye ana upara mgongoni. Taulo zito linampa joto, na joto likizidi nyuzi 25 hivi anaweza kuzirai. Nilichokuja kutumia ni khanga kuukuu ya mama, nyembamba, iliyofuliwa hadi ikawa kama hewa. Namfunika nayo kutoka nyuma, miguu yote minne chini yake, mgongo wake kifuani kwangu, kichwa tu nje. Neema anavuta kope ya chini kwa kidole kimoja, tone linaanguka kwenye kijimfuko kile, ncha ya chupa haigusi nywele wala ngozi. Tunahesabu hadi thelathini. Mwanzoni moyo wake ulikuwa ukipiga kwa kasi hadi huwezi kutofautisha pigo na pigo. Kufikia siku ya tano alikuwa anatulia akihesabiwa.

Kulisha ndiko kulikuwa kugumu. Bomba linaingia pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele yale ya rangi ya chungwa, na unasukuma kidogo kidogo umsubiri atafune, la sivyo uji unaingia mapafuni. Mililita 7 zilichukua nusu saa. Wingu tulimweka kwenye kizimba kilichogusana na cha Vumbi, waonane na kunusana kupitia waya, kwa sababu chinchila wakitenganishwa kabisa kwa muda mrefu wanaweza kusahauliana na kupigana siku ya kurudishwa.

Alhamisi majibu ya maabara yakaja: bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, na dawa tuliyopewa inamuua. Daktari akaniuliza kwenye simu, "Chupa yao ya maji mnaisafishaje?" Nilikuwa nikiisuuza na kubadilisha maji kila siku. Bakteria huyu anapenda maji, akanieleza, hebu fungua kile kijimrija cha chuma. Nikakifungua, nikaingiza kijiti cha pamba. Kilitoka na utelezi wa rangi ya kijani iliyopauka, unaovutika kama bamia. Mnyama anakunywa, maji yanabaki kidevuni, anajipangusa uso kwa mikono. Hatukuupima utelezi ule, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini siku ile nilinunua bakuli mbili nzito za udongo zinazochemshwa, na chupa ikaenda jalalani.

Na mchubuko wenyewe ulitoka wapi? Nahisi ni mchanga. Duka lilituuzia mfuko wenye picha ya chinchila nje, ndani ni mchanga wa kwatsi. Nilipousugua kati ya vidole nilisikia ukikwaruza. Chinchila anahitaji udongo laini aina ya sepioliti au atapulgiti, ambao chembe zake hazina ncha. Wakati wote wa matibabu hakuoga kabisa, maana vumbi na jicho lenye kidonda haviendi pamoja. Manyoya yake yakawa na mafuta, yamegawanyika mafungu mafungu, na alikuwa akijibiringisha kwenye sakafu tupu ya kizimba akidhani mchanga upo.

Siku ya saba fluoresini ilionyesha doa kama ncha ya pini. Siku ya kumi na nne halikuwepo. Kimebaki kikovu cheupe, chembamba, unakiona ukimgeuza dirishani tu. Daktari anadhani anaona vizuri.

Siku ya ishirini na moja aliruhusiwa kuoga. Neema alimwaga udongo mpya kwenye bakuli la kioo akamweka ndani. Vumbi alinusa, akasimama kama anakumbuka kitu, kisha akajitupa ubavu, akazunguka, akazunguka tena, hadi kioo kikawa cheupe na hatumwoni. Wingu naye akaruka humo humo ndani.

Sasa nyasi ni nyingi, vyakula vya punje ni kijiko kimoja cha chai kwa siku, na kila baada ya miezi sita tunarudi kupiga eksirei ya yale magego. Daftari la Neema lilihama kutoka kila Jumamosi hadi kila siku, na hadi leo liko juu ya friji, penseli imefungwa kwa uzi. Usiku ule wa kuoga aliandika 609, akampigia bibi yake Njombe kumsomea.