Kamera Mbili za Mwanga

Muuzaji alikuwa Kigoma, mimi niko Tabora, na alikataa katakata kumkabidhi kondakta wa basi kamera. "Hii si dumu la mawese, mwanangu. Ukiitaka, njoo uishike mwenyewe." Nikapiga hesabu ya nauli, chumba na chakula, nikaona hata nikijumlisha vyote bado nitakuwa chini ya bei nilizotajiwa Kariakoo, ambako muuzaji anaanza na megapikseli, yaani wingi wa nukta zinazounda picha, anamalizia na bei, na habari za lenzi hazitaji mpaka umkumbushe.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mzee mmoja mwenye gesti hapa Tabora, mzaliwa wa Ujiji, anataka picha ya Ziwa Tanganyika ukutani pale mapokezi: upana wa mita moja, jua linazama, milima ya Kongo ionekane. Kamera yangu imenilea kwa pasipoti, harusi na mahafali, lakini picha yake ukiikuza kiasi hicho hata sura ya bwana harusi inapotea, sembuse milima iliyo ng'ambo ya ziwa. Nilisubiri mvua za kwanza zinyeshe ndipo nikaondoka. Kiangazi watu wanachoma mashamba na moshi unatanda juu ya maji, unaweza kusimama ufukweni Kigoma wiki nzima usijue kama ng'ambo kuna nchi.

Safari ya basi siielezi. Kondakta aliiona stendi yangu ya miguu mitatu akaitoza kama mzigo. Nikamwambia itakaa mapajani. "Kinachokaa ni abiria," akasema, "basi lipa nauli nzima." Gari zima likacheka, nikatoa shilingi 3,000 kwa kitu chenye uzito wa kuku mmoja. Urambo na Kaliua nilikuwa bado nimenuna, Malagarasi tulivuka nasinzia, na Uvinza na chumvi yake yote niliipita nimelala. Chumba nilichopata kilikuwa cha 25,000, neti imetoboka, maji ya ndoo, na dirisha linatazama ukuta wa jirani. Ziwa la pili duniani kwa kina liko hapo chini, mita zaidi ya 1,400 za maji, na mimi napewa ukuta.

Kesho yake nikaenda mtaa wa Mwanga kwa yule mama muuzaji. Ni mjane wa mpiga picha. Enzi za filamu yeye ndiye aliyekuwa akisafisha picha kwenye chumba cha giza na kuzikata kwa mkasi, kisha anapokea hela kaunta. Haya sikuyajua mpaka baadaye. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikalisha mbele ya ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, na kila nilipogusia kamera alinisogezea bakuli. Nilipomaliza kunawa ndipo akafungua kanga mezani.

Zilikuwa mbili. Ya kwanza Canon EOS 6D, ya mwaka 2012, megapikseli 20, sensa yake, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kubwa sawa na fremu ya filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24. Ya pili Nikon D5300, ya mwaka 2013, megapikseli 24, lakini sensa yake ni milimita 23.5 kwa 15.6 tu, haifiki hata nusu ya eneo la ile nyingine. Canon bila lenzi alitaka 1,100,000, ukitaka na lenzi ya milimita 50 unaongeza. Nikon na lenzi yake ya kuvuta, milimita 18 hadi 55, ilikuwa 650,000. Kusema kweli kichwani nilikuwa nimeshachagua Canon tangu Tabora, maana mafundi wote niliowauliza walisema sensa kubwa ndiyo kila kitu, nami nilibeba akiba ya kuifikia.

Nikatoa tochi ya simu. Lenzi ya Canon nilipoimulika kutokea nyuma niliona pembeni mwa kioo uzi mweupe uliotawanyika vijitawi. Kuvu. Nikamwangalia mama.

"Huyo yupo tangu masika ya mwaka juzi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimeshamtoa kwenye bei."

Nikatoka uani, nikaelekeza kila kamera kwenye wingu jeupe, nikafunga tundu la lenzi mpaka f/22, yaani dogo sana. Ukifanya hivyo vumbi lililokaa kwenye sensa linajitokeza lenyewe. Nikon ilikuwa na vidoa viwili, Canon ilikuwa safi. Mipigo ya shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga picha, nayo ina mambo yake. Nikon inaiandika ndani ya kila picha, nikaiona kwenye laptopu, ilikuwa 31,000 na kitu, na shata hiyo ilijaribiwa kiwandani kwa mipigo 100,000. Canon hii haiandiki idadi hiyo kwenye picha, ilibidi nimwamini mama. Nilimwamini.

"Sasa niambie," akasema, "unakwenda kupiga picha gani?"

Nikamweleza habari za gesti na jua la kuzama. Akasimama, akajifunga kanga ya pili, akamwita mjukuu abebe mkoba. Nikauliza tunakwenda wapi. "Kibirizi. Picha ya ziwani unaijaribia sebuleni?"

Bajaji ya kwenda Kibirizi nililipa mimi, ya watu watatu na mkoba. Tulifika jua bado liko juu kiasi. Mitumbwi ilikuwa imepangwa mchangani, taa zake zinafungwa kwa kazi ya usiku, dagaa wameanikwa mpaka karibu na maji. Watoto wakatuzunguka, "Tupige na sisi!" Nikafungua stendi, nikaelekeza lenzi kwenye maji, na kabla sijabonyeza mama mmoja akaja mbio akiuliza kwa nini dagaa zake zinapigwa picha bure. Nilinunua kilo moja kwa bei ambayo Tabora ningepata moja na nusu. Yule mama wangu hakunitetea. Alikuwa amekaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa, anatazama anga.

Jua la Kigoma lina saa zake. Lilizama saa moja kasoro kidogo, Dar es Salaam wameshawasha taa zaidi ya nusu saa nzima. Muda huo mbingu upande wa Kongo inawaka, na huku ufukweni mtumbwi na mchanga vimeshakuwa vyeusi. Hapo ndipo kamera inapopata shida. Ukiipimia mbingu, nchi inazama gizani. Ukiipimia nchi, jua linakuwa doa jeupe lisilo na rangi. Mama akaamuru: kamera zote ISO 100, yaani wepesi wa chini wa kunasa mwanga, zote f/11, pima mbingu, hifadhi faili ghafi la RAW na siyo JPEG ambayo kamera imeshaichakata na kuibana. Nikafanya. Kwenye vioo vya nyuma picha zilikuwa mapacha, mbingu nzuri, ufukwe mweusi tii.

Giza lilipoingia wavuvi wakasukuma vyombo. Mwezi haukuwepo, na siku za mbalamwezi kali hawaendi kwa sababu taa haiwavuti dagaa. Punde taa zikasambaa juu ya maji mpaka mbali. Nikajaribu ISO 3200. Hapa Canon ilishinda waziwazi, nyeusi yake ilikuwa laini, wakati Nikon ilikuwa na chengachenga. Nikamwonyesha mama kwa furaha ya mtu aliyeona chaguo lake limethibitishwa. Akaguna tu.

Nyumbani tukafungua zile za machweo kwenye laptopu. Nikaziongezea mwanga sehemu za giza, kidogo kidogo, kwanza ya Nikon. Mtumbwi ukatoka gizani, mbao moja moja, kamba, hadi tundu la msumari, na mchanga ukapata rangi yake. Nikaja kwenye Canon, nikaongeza kiasi kilekile. Mtumbwi ulitoka, lakini umejaa mistari ya kulala na vidoa vyekundu na kijani. Nikarudia nikidhani nimekosea namba. Yaleyale.

Sababu yake ipo. Sensa za Canon za miaka ile zilikuwa na kelele nyingi ya umeme pale picha inaposomwa kutoka kwenye sensa, na kelele hiyo hukaa kwenye sehemu za giza. Kwenye ISO 100 hii Nikon ndogo inaizidi ile kubwa karibu stopu 2 za tofauti kati ya mwanga na giza, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Ukipanda ISO mambo yanageuka, ukubwa wa sensa unaanza kulipa.

"Mzee wangu hiyo kubwa alikuwa akiitumia ukumbini na usiku," mama akasema. "Ziwani jioni alibeba ndogo. Mimi nikidhani anakwepa uzito." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Au unapiga mbili, moja ya mbingu moja ya nchi, unaziunga. Stendi unayo."

Ni kweli, ila mtumbwi ulio majini hautulii kati ya picha ya kwanza na ya pili, na kuunga mtumbwi uliocheza ni kazi ya usiku kucha. Halafu kulikuwa na swali la lenzi: Canon ile ingenidai lenzi pana ya kwake, ambayo peke yake ingemaliza akiba yangu. Na zile megapikseli? Nikon ina pikseli 6,000 kwa upana, kwa picha ya mita moja ni pikseli 60 kila sentimita. Canon ni 55 hivi. Mgeni wa gesti akisimama mezani kuandika jina hawezi kuiona tofauti hiyo. Kasi ya kupiga picha nyingi kwa sekunde, ambayo wauzaji huisifu mpaka mate yanakauka, mlima hauihitaji.

Nikaomba Nikon kwa 550,000. Mama akasema nimekula migebuka miwili. Tukaishia 600,000 na betri ya pili ambayo haishiki chaji vizuri.

Ujiji nilikwenda, mnara wa Livingstone na Stanley upo. Bandarini mlinzi alinikataza hata kuifungua kamera, kwa hiyo Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani 1913, sina picha yake. Jioni zilizobaki nilirudi Kibirizi, na huko nikajifunza kitu ambacho hakuna fundi aliyenitajia. Kwa milimita 18 kila kitu kinaingia, anga, maji, ufukwe, na milima ya Kongo inabaki uzi mwembamba katikati. Nilipovuta mpaka 55 ndipo milima ikasimama na jua likapata ukubwa wa kueleweka. Picha aliyoitaka mzee ilipigwa kwa 55. Ile 18 iliyosifiwa kwa mandhari ilinisaidia mitumbwi tu.

Njiani kurudi nilikuwa nawaza habari za kwetu. Tabora hakuna ng'ambo ya kuvutia karibu. Ni tambarare, miombo hadi macho yachoke, miembe mikubwa barabarani, tembe la Kwihara, na ukitaka maji nenda bwawa la Igombe. Sijawahi kusikia mtu wa Kigoma akiagiza picha ya miombo aitundike ukutani. Lakini Novemba, mawingu yakijikusanya juu ya uwanda ule wote, mbingu nyeusi na miti bado ina jua, ni shida ileile ya mwanga na giza, na hakuna wa kunilipisha dagaa. Nimeshaanza kwenda Igombe alfajiri na kamera hii.

Mzee wa gesti aliitazama picha yake muda mrefu. Akaonyesha kwa kidole mahali Ujiji ingekuwepo kama ningegeuza lenzi kushoto, kisha akauliza mbona hakuna mtu kwenye mtumbwi. Alilipa nusu. Nusu nyingine anasema nitaipata nikimletea yenye mtu.