Kung'oa magugu Seattle, kubishana juu ya mikoko Lamu

Ukitaka kuhurumiwa Lamu, waambie watu kwamba unaishi Marekani na Jumamosi asubuhi, badala ya kulala au kutafuta ovataimu, unakwenda kupiga magoti topeni kung'oa mimea, na hulipwi hata senti. Nilikuwa nyumbani Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, na kila baraza nililoketi, kuanzia Mkunguni hadi Langoni, swali lilikuwa lile lile: "Wakulipa ngapi?" Nikijibu kwamba hakuna malipo, mtu anamtazama mwenzake. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kama mambo ni magumu kule, rudi. Samaki bado wako."

Barazani ukishakatizwa umekatizwa. Nayaandika hapa ili niyamalize.

Naishi kusini mwa Seattle, upande wa Rainier Beach, mtaa wa Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wafilipino, na sisi Waswahili wachache ambao tukikutana dukani tunaulizana kwanza nazi nzuri inauzwa wapi. Kazi yangu ni ya usiku, kulea wazee. Chini ya mteremko liko Ziwa Washington, na ndani ya ziwa limejitokeza rasi lenye msitu, Seward Park, kiasi cha hekta 120. Jiji lilinunua ardhi ile mwaka 1911, kabla shoka halijaimaliza, ndiyo maana mpaka leo imesimama misonobari na mierezi yenye umri wa zaidi ya miaka 200, katikati ya mji wenye viwanda vya ndege.

Ziwa lenyewe limepitia mengi. Mwaka 1916 walipofungua mfereji wa kuliunganisha na bahari, maji yalishuka karibu mita 2.7. Mto uliokuwa ukitoa maji ziwani, Black River, ukakauka. Ufuo tunaoutembea leo ulikuwa chini ya maji. Baadaye miji ya kandokando ikaligeuza shimo la majitaka, hadi wapiga kura walipokubali mwaka 1958 kujitoza pesa za kujenga mabomba ya kuyaelekeza kwingine. Kufikia 1968 kazi imekwisha, na ziwa likaanza kung'aa tena. Nikiwasimulia hayo watu wa nyumbani hushangaa zaidi kuhusu hiyo kura kuliko kuhusu maji.

Haya, magugu. Adui mkubwa ni mmea utambaao uitwao aivi, asili yake Ulaya, ambao wahamiaji wa zamani waliupanda bustanini kwa sababu majani yake hayapukutiki wakati wa baridi. Ndege wakala tunda, wakapeleka mbegu msituni. Aivi hufunika ardhi yote, mche mdogo wa msonobari hauoni jua, kisha hupanda shinani mwa mti mkubwa hadi kileleni. Mti unakuwa mzito, ukija upepo wa Novemba unaanguka. Msitu ukibaki na wazee tu na watoto hawaoti, umeshakufa hata kama bado ni kijani.

Kuuondoa kuna ufundi. Kwenye mti huvuti aivi kutoka juu, maana unaweza kujiangushia tawi kichwani. Unakata kamba zake pande zote za shina, usawa wa bega, halafu tena karibu na ardhi, unabandua kile kipande cha katikati bila kuumiza gome. Zilizobaki juu huachwa zife zenyewe. Kwenye ardhi ndiko kwenye raha: mnapanga mstari, watu wanne au watano, mnang'oa ukingo na kuukunja kama jamvi, mnasukuma mbele, mwingine anafuata na kisu kukata mizizi. Chini yake unakuta udongo mweusi, konokono, chupa za bia za miaka ya nyuma, na mara nyingine kangaga moja, mmea wa asili wa msitu ule, iliyokuwa imezikwa hai, majani yamebanwa lakini bado ina pumzi. Hapo watu wazima wanapiga kelele za furaha kama mpira umeingia wavuni. Sikutegemea ningekuwa mmoja wao.

Adui wa pili ni kichaka cha miiba kizaacho beri nyeusi. Matunda yake matamu, sikatai. Kililetwa na mtaalamu wa mimea Luther Burbank, akaanza kukiuza mwishoni mwa karne ya 19, na sasa kimemeza kingo za ziwa na mito pwani yote ile ya magharibi. Kukata matawi ni kupoteza muda. Lazima uchimbe mpaka upate kile kibonge cha mzizi, ukitoe chote. Glavu za kawaida hazifai, miiba inapenya. Nilipowaeleza barazani, fundi mmoja wa majahazi akasema, "Hiyo ni mathenge." Kweli kabisa. Mathenge, ule mti wa miiba, nao uliletwa kwetu kwa nia njema, ukapandwa Baringo na Tana River miaka ya 1980 uzuie jangwa, na leo muulize mfugaji yeyote wa Tana.

Kisha yule yule mzee wa "samaki bado wako" akauliza, "Na nyinyi mliotoka ng'ambo, hawawang'oi?" Baraza zima likacheka. Mimi nilicheka kidogo.

Lakini aivi na miiba si ndilo nililotaka kuwaambia. Nilichotaka kusema ni namna ile kazi ilivyopangwa, kwa sababu ndiyo iliyonigombanisha na wenzangu wa Lamu walioko nje.

Katikati ya miaka ya 2000 jiji lilianza mpango wa miaka 20 wa kurejesha msitu wa asili kwenye hekta kama 1,000 za bustani zake, sehemu kubwa kwa mikono ya watu wa kujitolea. Kila kipande cha ardhi kina awamu zake 4. Kwanza mnang'oa. Halafu mnang'oa tena, maana magugu yanarudi, na hapo ndipo mnapanda. Awamu ya tatu ni kunyweshea, kutandaza vipande vya mbao kuzunguka miche, kung'oa tena, miaka kadhaa. Ya nne haina mwisho: kuangalia. Kupanda, ile siku ambayo wakubwa wanakuja na viatu safi, ni nusu tu ya awamu moja kati ya nne.

Na msimu hauchezewi. Watu hudhani Seattle mvua hunyesha mwaka mzima. Hapana, Julai na Agosti ni ukavu mtupu, na mche uliopandwa Mei hufa Agosti. Kwa hiyo kupanda ni kuanzia Oktoba hadi Machi, kwenye mvua, baridi, tope ndani ya soksi. Kiangazi kazi ni kubeba ndoo.

Kuna mama mmoja mstaafu anayesimamia kipande kimoja karibu na maji. Amefunga utepe kwenye kila mche. Ukikanyaga karibu anakuita kwa sauti ambayo ningeapa alizaliwa Mkomani, Lamu. Ni watu wa aina yake, watembeaji wa kila siku, walioona mwaka 2013 kwamba kangaga za pale zimeanza kufa, eneo moja kisha jingine, ndipo wataalamu wakaitwa. Mtaalamu hupita mara chache kwa mwaka. Mama yule hupita kila asubuhi na mbwa wake.

Sasa njoo Lamu.

Ami yangu alikuwa mkata boriti za mikoko. Siku moja tukachukua mashua kwenda Mtangawanda, kisiwa cha Pate, tukingoja maji yajae ili tupite Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara ambao maji yakipwa unakwama. Mikoko kushoto, mikoko kulia. Kenya nzima ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya 37,000 ziko Lamu. Nilikuwa nazijua tarakimu hizo kutoka kwenye simu. Ami anaijua mikoko kwa korija, fungu la miti ishirini. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene na bei yake, ishirini ishirini. Alikuwa bado kijana mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje, majahazi ya Uarabuni yakakoma kungoja mzigo. Akaendelea na soko la ndani hadi marufuku ya ukataji miti ya 2018, akaacha. "Sikustaafu," akasema, "walinistaafisha."

Kabla ya kufika, akamwambia nahodha apunguze mwendo. Sitataja mahali wala waliohusika. Palikuwa na tope pana, wazi, na ndani yake mistari iliyonyooka ya vijiti vikavu, mamia kwa mamia. Mikoko iliyopandwa, yote imekufa. Bango bado limesimama, rangi imepauka.

"Waona?" Ami akauliza. "Hapa hapajawahi kuwa na mkoko tangu nizaliwe. Mbele kabisa ya bahari, anayestahimili mawimbi ni mlilana, ule wa mataruma, mbavu za majahazi. Mkoko wenyewe, maana ni jina la mti mmoja kati ya hii yote, hukaa nyuma yake. Muia na mkandaa nyuma zaidi. Mchu huko kwenye chumvi, juu, ingawa mchu ni mkaidi, utaukuta na mbele. Hawa walipanda mkoko kwa sababu mbegu yake ni ndefu, waichomeka tu, kazi imekwisha, soda." Nikamuuliza kama waliwahi kumwuliza. Akatema mate majini.

Si Lamu tu, lazima niseme kwa haki. Ufilipino walipanda mikoko kwa miongo, kwa mamilioni ya dola, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ikakuta kwamba kwa muda mrefu hupona 10 hadi 20 tu katika kila 100. Sababu ni ile ile ya Ami: mche usio wake mahali pasipo pake, kwenye tope la wazi ambalo halina mwenyewe wa kulalamika.

Kina mama wa Mtangawanda ni habari nyingine. Wao wamekuwa wakipanda kwa miaka kadhaa karibu na kwao, mahali ambapo mikoko ilikuwepo ikakatwa, na wanaishi hapo hapo. Mbuzi akiingia wanamwona. Mche ukifa wanaujua ni wa nani. Tulikaribishwa kahawa na mahamri, na mmoja wao, aliyesikia habari zangu kutoka kwa Ami, hakuniuliza nalipwa ngapi. Aliniuliza, "Huko kwenu miche yenu hunywesha nani?" Nikamweleza kuhusu kiangazi na ndoo. Akacheka sana. Kwao bahari hunywesha mara mbili kwa siku bila kuombwa. Shida yao ni takataka za plastiki zinazokuja na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, na kuilaza miche, na safari za kwenda kuisimamisha tena. Kwenye vitalu vya karibu wanakwenda kwa miguu. Vya mbali vinataka mashua, na mashua inataka petroli.

Nikarudi Seattle na hiyo petroli kichwani. Sisi watu wa Lamu tulioko nje tuna kundi letu la WhatsApp, Marekani, Kanada, Uingereza, wawili Uswidi, na tumekuwa tukichanga kwa ajili ya "mazingira ya nyumbani". Mpango uliokuwa mezani ni maelfu ya miche, siku moja, fulana za kijani, mgeni rasmi. Nikaandika ujumbe mrefu, labda mrefu kupita kiasi, nikisema tusinunue mche hata mmoja. Miche wanayo. Tulipie petroli ya kwenda kuangalia, kila bamvua, miaka mitatu, na tumlipe mkata boriti mmoja mzee posho ya kukaa kwenye mashua na kusema hapa ndiyo, hapa hapana.

Wengine waliunga mkono. Wengine wakauliza kama huyo mkata boriti mzee ni Ami yangu, swali ambalo, nakubali, lilikuwa la haki. Nikasema si lazima awe yeye, wako wengi Pate na Siyu na Faza.

Mweka hazina wetu, mtu mwema na mwaminifu kwa kila shilingi, akanipigia simu kunieleza tatizo lake. Wachangaji wanataka kuona. Mche unapigika picha. Petroli haipigiki picha. Nikamwambia apigwe picha nahodha akijaza tangi.

Kikao ni Jumapili ijayo, saa nne usiku kwa saa za Lamu. Mwenzetu wa Toronto ameshasema ataleta makadirio ya bango.