Kutaja tusi si kutukana: nahau za Kiingereza na vichujio vya maneno

Karibu kila anayejifunza Kiingereza huanza na "hello". Ndani ya salamu hiyo mna "hell", yaani jehanamu, neno ambalo wenyewe hulitumia pia kuapiza. Kichujio, yaani programu ya kuzuia matusi mtandaoni, kilichoagizwa kufuta "hell" popote herufi hizo nne zinapofuatana kitaifuta na salamu. "Class" na "grass" zina "ass", "attitude" na "competition" zina "tit", "document" na "cucumber" zina "cum". Mwaka 1996 AOL, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti, iliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, wasifungue akaunti, kwa kuwa katikati ya jina la mji wao mna tusi zito. Hadi leo hitilafu hii huitwa tatizo la Scunthorpe.

Dawa yake inajulikana. Unaiagiza programu itafute neno zima, lenye nafasi au alama ya uandishi pande zote mbili, badala ya kipande. Nahau nyingi, hata hivyo, hazinufaiki na dawa hiyo, maana ndani yake neno lenye sura ya tusi husimama peke yake. "Tit for tat" ni nipige nikupige. "Tit" hapo ni kipigo chepesi, limetokana na "tip for tap" ya zamani, na halina uhusiano wowote na matiti. "Cock-and-bull story" ni habari ya kutunga, na "cock" wake ni jogoo. "To pussyfoot around" ni kulizungukazunguka jambo kwa kuogopa kulisema, mfano wa paka anavyonyata. Halafu zipo nahau ambazo tusi lake ni la kweli: "half-assed" ni kazi iliyolipuliwa, na hulisemi neno hilo kwenye usaili wa kazi.

Sasa mtazame mwanafunzi aliyeuliza, kwenye mjadala wa mtandaoni, tofauti kati ya "half-hearted" na "half-assed". Kinachoonekana kwa wenzake ni "half-***ed". Anayejibu anabaki kukisia. Muulizaji naye anaondoka akidhani ametenda kosa, bila kujua neno lina ukali kiasi gani, na hilo ndilo hasa alilotaka kujua. Nyota tatu humfunikia "ass" na "tit" sawasawa, ijapokuwa "tit for tat" unaweza kuisema mbele ya hakimu bila wasiwasi. Na atakayeitafuta nahau hiyo mwakani hataiona, kwa sababu haimo tena katika maandishi.

Anayemtolea mwenzake tusi analitumia. Anayeuliza maana yake analitaja. Orodha ya maneno yanayozuiwa haina namna ya kutenganisha hayo mawili. Wataalamu nao yamewakuta: mwaka 2020, katika mkutano wa mtandaoni wa Society of Vertebrate Paleontology, programu ya maswali ilizuia neno "bone", mfupa, wakati wote waliohudhuria kazi yao ni mifupa ya kale.

Vichujio vya siku hizi vinavyopima ukali wa sentensi nzima vina udhaifu wao. Hivyo hushtushwa na risasi na kifo: "bite the bullet" ni kujikaza, "I'm dying to know" ni kuwa na hamu kubwa ya kujua, "kick the bucket" ni kufa kwa lugha ya utani. Kwetu tunapiga simu, pasi, picha na mswaki, na hakuna anayeumia.

Msimamizi wa mijadala ya lugha anaweza kurekebisha mengi ndani ya saa moja. Kabla ya kuiwasha orodha, ipitishe kwenye faili ya maneno ya kamusi uone inanasa nini. Ukikuta "passport" na "embarrass", umeshajua kosa liko wapi. Kisha tengeneza orodha ya pili, ya nahau zinazoruhusiwa, na programu iisome hiyo kwanza. Mpangilio ukigeuzwa, neno litakuwa limeshafutwa kabla nahau haijatambuliwa. Usibadilishe neno kwa neno jingine kamwe: waliobadilisha "ass" kuwa "butt" walipata "clbuttic" mahali pa "classic", na mwanafunzi anaweza kulinakili akidhani ni neno halali. Ni afadhali ujumbe usubiri kusomwa na mtu, na mwandishi aambiwe ni neno gani lililouzuia. Ujumbe wa "umevunja kanuni" peke yake haumfundishi kitu.

Orodha ya Kiswahili inataka uangalifu zaidi, kwa sababu ya viambishi. Zuia "tako" kama kipande, umezuia "atakosa", "nitakopa" na "utakoma". Tusi moja la herufi nne linaloanza na "ku" limo ndani ya "kumaliza" na "kumaanisha". Ukihamia kwenye neno zima, unanasa "mpumbavu" huku "wapumbavu" na "kipumbavu" vikipita. Hapo hakuna njia ya mkato: andika kila umbo unalolikusudia, moja moja.

Na wewe unayeuliza, kama kichujio hakibadiliki, taja maneno mengine yote ya nahau, lieleze lile lililozuiwa ("jina la jogoo, herufi nne"), na useme nani alimwambia nani, katika hali gani. Mazingira hayo humsaidia anayejibu kuliko hata neno lenyewe. Usiandike "a55" wala kupachika nukta katikati ya herufi. Mifumo mingi huona hiyo ni hila ya kukwepa, na akaunti inaweza kufungiwa. Picha ya skrini hupita kwa urahisi, ila haitafutiki, na msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea, haimfikii. Ukilazimika kuiweka, andika chini yake maana ya nahau kwa maneno yako.