Kwa Masikio ya Nani: Nilivyozigeuza Hadithi za Kisayansi Kuwa Michezo ya Redio Pemba

Msomaji wa hadithi ya kubuni ya kisayansi huazimwa macho na mwandishi: huoneshwa nyota ngeni angani, bonde lililozibwa na milima ya theluji au chombo kilichotua usiku, naye huamini kwa kuwa ameona. Redio haina macho ya kumuazima mtu. Nilipoanza kuandika michezo ya namna hii kwa ajili ya redio ya jamii hapa Pemba, swali lililonifaa kuliko mengine yote, na ambalo mpaka leo hulijibu kabla sijaandika hata mstari mmoja wa mazungumzo, ni hili: msikilizaji atayasikia haya kwa masikio ya nani?

Zanzibar imezoea redio tangu Sauti ya Unguja ilipoanza mwaka 1951, na mchezo wa redio si kitu kigeni kwetu. Lakini michezo tuliyoizoea ni ya ndoa, mirathi, malezi na afya, na baadhi ya wenzangu walihofu kwamba wasikilizaji wangezima redio pindi wakisikia habari za sayari. Mimi niliona tofauti. Mtu aliyelelewa kwa kuitikia "Pakawa!" kila bibi yake aliposema "Paukwa!" amekwisha kufundishwa, tangu utotoni na gizani, kupokea jambo la ajabu kwa sikio tupu.

Nilianza na hadithi fupi za Mwingereza H. G. Wells. Sababu moja ni kwamba nazipenda. Sababu ya pili ni ya kisheria, kwa kuwa alifariki mwaka 1946 na ulinzi wa hakimiliki wa miaka 70 baada ya kifo chake ulikwisha huko kwao mwishoni mwa 2016. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, na yeyote anayetaka kugeuza hadithi ya mwandishi aliye hai, au aliyefariki karibuni, namsihi aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuandika, wala si baada ya kurekodi.

Ya kwanza ilikuwa "The Star", iliyochapishwa Desemba 1897. Ndani yake kitu kikubwa kinatoka nje ya mfumo wa jua, kinagongana na sayari ya Neptuni, na vyote viwili vinaungana kuwa mwako mmoja unaoporomoka kuelekea kwenye jua na kupita karibu na dunia. Wells anaisimulia kutoka mbali sana. Anaruka kutoka nchi hadi nchi, anamtembelea mwanahisabati anayepiga hesabu za njia ya nyota hiyo, anaonesha mafuriko na mitetemeko, kisha anamalizia kwa wataalamu wa anga wa Mirihi ambao, kwa umbali walioko, wanaona dunia haikudhurika sana. Katika maandishi upana huo ndio uzuri wake. Redioni, kila kuruka kunamlazimisha msimulizi aeleze upya tuko wapi na nani anazungumza, na hadithi ikijaa maelezo ya namna hiyo inakuwa taarifa ya habari.

Niliyatafuta masikio, nikayapata ufukweni. Kina mama wanaolima mwani hawaendi pwani siku yoyote wapendayo. Huenda wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwani ndipo maji hupwa mbali, na mambo, yaani vigingi, na kamba zao hubaki wazi kwa saa kadhaa. Katika bamvua kubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa huku kwetu hufika karibu mita 4. Mwanamke aliyefanya kazi hiyo miaka mingi anajua, bila saa na bila kalenda ya ukutani, maji yanapaswa kuwa wapi asubuhi ya leo. Basi mtu huyo ndiye atakayegundua, kabla ya redio na kabla ya mwanahisabati, kwamba kuna kitu kingine angani kinachoivuta bahari.

Mchezo unaanza na wanawake wawili, mama na binti, wanaoteremka pwani asubuhi. Binti anazungumzia posa. Mama anajibu nusu nusu, kisha ananyamaza, kisha anasema: "Mwanangu, hebu simama. Sikiliza." Binti anasikiliza na kusema hasikii kitu. "Ndiyo," anajibu mama. "Saa hizi tungesikia kaa wakitembea kwenye mchanga mkavu. Maji hayajatoka." Nyota yenyewe haijatajwa bado, wala haitajwi mpaka karibu na katikati ya mchezo, lakini tangu hapo msikilizaji wa Pemba anajua kwamba mambo si ya kawaida, kwa sababu bahari ni saa yake yeye pia. Mwanahisabati wa Wells sikumtupa. Nilimfanya kuwa sauti ndani ya redio ya betri iliyoko barazani, anayeeleza nguvu ya mvutano kwa lugha ya kitaalamu huku mama akiuliza wavu wa mumewe uko wapi.

Kabla ya kurekodi niliupeleka muswada kwa mzee mmoja mvuvi, nikamwomba anisikilize nikimsomea. Aliniuliza mchezo unatokea tarehe ngapi ya mwezi. Nikamwambia tarehe 16. Akaridhika na saa ya kupwa niliyoiweka, ambayo ni kama saa nne za asubuhi, kisha akanipa kitu ambacho kisingeweza kunijia mimi: kwamba maji yakikataa kutoka, ndege wa pwani wanaokula kwenye matope hukosa pa kutua, na huzunguka wakilia. Kilio hicho ndicho kilichokuwa mlio mkuu wa mchezo mzima. Kilitokea mara ya kwanza kwa mbali, nyuma ya maongezi, na kila kilipojirudia kilikuwa karibu zaidi.

Hadithi ya pili ilinifundisha zaidi, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuzigeuza. Ni "The Country of the Blind" ya mwaka 1904, ambayo sisi tuliiita "Bonde la Wasioona". Mpanda milima aitwaye Nunez anaanguka katika safu ya Andes, nchini Ekuador, na kutua katika bonde lililotengwa na dunia, ambalo watu wake hawajaona kwa vizazi vingi na hata habari za kuona wamezisahau. Anadhani atawatawala kwa kuwa yeye ana macho. Haiwi hivyo. Nyumba hazina madirisha, kazi hufanywa usiku kwa sababu ya ubaridi, njia zina kingo za kufuata kwa mguu, na kila anachokisema kuhusu anga kinachukuliwa kuwa maneno ya punguani. Anampenda binti mmoja, Medina-saroté, na wazee wanakubali ndoa kwa sharti kwamba atolewe macho, kwani kwa maoni ya tabibu wao vitu hivyo viwili vinavyotikisika usoni ndivyo vinavyomharibia akili.

Hii sikuihamishia Pemba. Kisiwa chetu kina vilima, hakina milima, na bonde ambalo mtu hawezi kutoka halina mahali pa kuwekwa kati ya Wete na Mkoani. Isitoshe, hadithi inadai ugeni: Nunez ametoka mbali, na hata jina lake linapotea kwa sababu wenyeji wanapomsikia akitaja mji wa Bogota wanadhani ndilo jina lake, wakaendelea kumwita hivyo. Kipimo changu cha kuhamisha au kutohamisha kimekuwa kile kile. Ikiwa maarifa ya wasikilizaji wangu yanaongeza uzito wa ajabu iliyomo, kama bamvua ilivyoongeza, nahamisha. Ikiwa yanaupunguza, naiacha hadithi ilipo.

Ila masikio nilihamisha. Wells anasimulia kwa macho ya Nunez, na msomaji anasimama upande wa mwenye kuona. Redioni msikilizaji hana macho bondeni mle. Yuko pamoja na wenyeji. Nilipolitambua hilo nilikaa nalo siku kadhaa bila kuandika, maana liligeuza mchezo wote. Nunez anapowaeleza wenyeji jinsi theluji inavyong'aa, msikilizaji wa redio naye haioni. Ana neno la Nunez tu, kama wao walivyo nalo. Kwa hiyo nilimpa Medina-saroté masikio ya mchezo, nikaondoa msimulizi kabisa. Katika onyesho la kwanza la nyumbani, Nunez anaingia akijigonga, anauliza: "Madirisha yenu yako wapi?" Medina-saroté anajibu kwa upole: "Madirisha ndiyo nini, Bogota?" Mstari huo mfupi ulitosha pale ambapo maandishi yanatumia aya nzima, na waigizaji wenyewe walinyamaza kidogo waliposoma kwa mara ya kwanza.

Niliona si haki kuandika mchezo huu bila kumshirikisha mtu asiyeona. Mwalimu mmoja asiyeona, ninayemheshimu sana, alikubali kuusikiliza ukurasa kwa ukurasa. Alinieleza kwamba ukuta huujua kwa namna hatua zake zinavyomrudia, na kwamba mtu akisimama mlangoni sauti za nje hupungua, hivyo hujua kuna mtu kabla hajasalimiwa. Mambo hayo tuliyaingiza katika kurekodi. Maonyesho ya ndani tuliyarekodi katika chumba kitupu chenye kuta za mawe; ya nje tuliyarekodi uwanjani usiku, baada ya sala ya isha, majirani walipokwisha kutulia. Mtu alipoingia, hatukuweka mlio wa mlango. Mwigizaji alisimama kati ya kinasa sauti na mvumo wa nje, ukapungua wenyewe. Mwalimu huyo alisikia mara moja, akasema: "Kuna mtu hapo."

Jambo lililobaki lilikuwa kuona kwenyewe: nikusikizishe vipi? Nilijaribu muziki, nikauacha, kwa kuwa muziki humwambia msikilizaji ahisi nini. Mwishowe nilitumia ukimya. Bonde lilijaa sauti za karibu, yaani maji, wanyama, nyayo na watu wanaoitana, lakini kila Nunez aliposhikwa na uzuri wa anga na kuanza kuusimulia, sauti zote hizo ziliondolewa, akabaki yeye peke yake na pumzi yake. Kwa wenyeji wa bonde, mtu anayezungumza hivyo ametoka duniani. Na kwa sikio la msikilizaji ndivyo ilivyokuwa.

Wells aliiandikia hadithi hii miisho miwili. Katika ule wa 1904 Nunez anaondoka alfajiri ya siku ya upasuaji na kulala mlimani chini ya nyota. Katika toleo alilolirekebisha mwaka 1939, anaona mlima unaelekea kuporomoka, na anatoroka pamoja na Medina-saroté. Nilichagua ule wa kwanza, nikabaki na masikio ya msichana. Tunasikia nyayo za Nunez juu ya mawe, zinapanda, zinasimama, zinapanda tena, na msichana anamwita mara moja kwa jina lile la Bogota. Baadhi ya waigizaji walitaka aitikiwe. Sikukubali, na bado naamini ilikuwa sawa, kwa sababu Medina-saroté mwenyewe haambiwi alikwenda wapi.

Kuhusu milio nitasema machache. Hatua kwenye theluji tulizipata kwa kuminya wanga wa mahindi ndani ya mfuko wa kitambaa, mbinu ya zamani ya watu wa redio na filamu, na hakuna aliyeamini mpaka aliposikia. Kinu, mbuzi ya kukunia nazi, makuti makavu na sinia ya shaba vilitufaa zaidi ya maktaba za milio zilizoko kwenye intaneti. Magodoro na makanga yalizuia mwangwi, na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, ilitosha kwa kuunganisha. Urefu wa kila mchezo ulikuwa dakika 25. Kwa mwendo wa waigizaji wetu dakika moja haibebi zaidi ya maneno 110 hivi, na ukiondoa nafasi ya milio na ukimya unabaki na maneno yasiyofika 2,500. Hadithi ndefu lazima ipoteze wahusika. Mimi hukata wahusika kabla ya kukata nafasi ya kunyamaza.

Jambo ambalo sikubali kulilegeza ni tangazo. Tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles na wenzake walirusha huko Marekani mchezo uliotokana na "The War of the Worlds", riwaya ya H. G. Wells kuhusu uvamizi wa viumbe wa Mirihi, wakauandika kama taarifa za habari na kuyahamisha matukio kutoka Uingereza hadi New Jersey. Wapo waliodhani uvamizi ni wa kweli, ingawa hofu ile ilikuzwa sana na magazeti. Yaliyotokea Quito, Ekuador, Februari 1949, hayakuhitaji kukuzwa: kituo kimoja kilirusha mchezo kama huo, na umma ulipogundua kuwa ni igizo ulilichoma moto jengo la redio na gazeti, na watu wakafa. Sisi wa Pemba tunajua jinsi hofu inavyosafiri. Mwaka 1995 habari za Popobawa, jini lililosemekana kuwashambulia watu usiku majumbani, zilianzia hapa zikavuka hadi Unguja, na watu walikuwa wakilala nje kwa makundi. Kwa hiyo katika mchezo wa nyota, ile redio ya barazani haikutumia jina la kituo chochote halisi wala sauti ya mtangazaji anayejulikana, na tangazo kwamba huu ni mchezo lilisomwa mwanzoni, katikati na mwishoni. Mwongozaji alihofu kwamba tangazo la katikati litaivunja hadithi. Tuliliweka pale ambapo mama anazima redio ili kuokoa betri, na hadithi haikuvunjika.

Sasa ninaandika "The New Accelerator" ya mwaka 1901, ambamo profesa anatengeneza dawa inayomharakisha mtu maelfu ya mara mpaka dunia nzima inaonekana imesimama. Katika hadithi kuna bendi inayopiga bustanini, na kwa aliyekunywa dawa muziki wake unakuwa mkoromo wa chini unaovutika. Nimeamua bendi hiyo iwe kikundi cha taarabu, na masikio yawe ya mpiga fidla ambaye anakunywa dawa kwa bahati mbaya katikati ya wimbo, kwa kuwa hakuna mtu mwingine pale atakayetambua kwa usahihi zaidi ni noti ipi iliyokwama. Tatizo ni kwamba kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ikipunguzwa kasi kwa programu inapoteza mshindo wa kidole kwenye waya, inabaki mvumo usiotambulika. Mpiga kanuni mmoja wa Unguja amenishauri tuirekodi kila noti peke yake, kinasa sauti kikiwa karibu kabisa na nyuzi, kisha tuipunguze kwa hatua, tukiuacha mshindo ule katika kasi yake. Tunakutana naye baada ya mfungo.