Kucheza mwenyewe kwenye gemu la watu wengi sio uchoyo

Kuna swali naulizwa karibu kila nikimuonyesha mtu Old School RuneScape, gemu la mtandaoni la watu wengi, kwenye simu, "sasa kaka kama unacheza mwenyewe si ungetafuta gemu la ofulaini tu, bando la nini?" Na hata ndani ya gemu kwenyewe wapo wanaomuona mchezaji asiye na grupu kama mtu aliyekuja harusini halafu anakula peke yake kwenye kona. Mi nakataa. Akaunti yangu ni Ironman, yaani ya kujitafutia kila kitu mwenyewe, hakuna akaunti niliyowahi kuipenda kama hii, na naamini kabisa sisi tunaocheza wenyewe ni wenyeji humo ndani sawa na mtu yeyote.

Kwa asiyejua, RuneScape ipo tangu 2001, hii ya Old School ilifunguliwa 2013, na kwa akaunti ya kawaida mambo mengi yanaishia Grand Exchange, yaani soko ambalo ukiwa na hela unapata karibu kila kitu papo hapo. Ironman ikaletwa rasmi 2014, na kizuri ni kwamba wachezaji walishaanza wao kwanza, watu walikuwa wanajiwekea sheria ya kutonunua wala kupewa kitu bila kulazimishwa na yeyote, ndio Jagex, kampuni yenye gemu, wakaja kuiweka ndani. Hutredi na mtu, silaha na dawa za sokoni sio zako, alichoangusha mwenzako hukiokoti. Kuna Hardcore, huyo akifa hadhi imekwenda, na kuna Ultimate ambaye hata benki hana.

Sasa chukua kitu kimoja tu, prayer potion. Hii ndio dawa inayorudisha pointi za maombi, maana ukiwasha maombi ya kujikinga, yale mashambulizi ya mnyama unayapunguza au unayazima kabisa lakini pointi zinaisha haraka, kwa hiyo bila dawa hii mabosi wengi, yaani wale maadui wakubwa, utawaangalia kwa mbali. Mwenye akaunti ya kawaida ananunua mia moja anaenda zake. Mimi nakwenda Draynor Village pale sokoni kwenye mbegu, namuibia mfukoni Master Farmer, mkulima wa gemu lenyewe sio mchezaji, nakamatwa, napigwa nasimama nimeduwaa, naiba tena, mbegu ya viazi, mbegu ya kitunguu, mbegu ya kabichi, mpaka siku hiyo itoke ya ranarr, mmea wa kutengenezea dawa hiyo. Naipeleka shambani Catherby, naweka mboji, nasubiri dakika 80 hivi, na ugonjwa ukiingia mmea unaweza kufa. Ikikomaa navuna, nasafisha majani, halafu bado snape grass, nyasi ya kuchanganyia, hiyo naifuata Waterbirth Island naokota moja moja chini. Ndio nakuja kuchanganya. Kwahiyo nikinywa dozi moja katikati ya pambano naijua ilikotoka, na ramani nzima ya gemu imekuwa na sababu ya kuwepo, kale kakisiwa ambako mwingine hajawahi kukanyaga mi nakajua mpaka majani yanakoota. Hicho ndio nakitafuta kwenye gemu za aina hii na kwenye kununua sikukipata.

Lakini hapa ndio watu hawanielewi, watu wengine nawahitaji sana. Nenda Wintertodt uone, ile ya kupambana na baridi kule kaskazini ya Kourend, mnajaa watu kibao, kila mtu anakata mizizi yake anatupia kwenye moto, ukifikisha pointi 500 una zawadi yako na haimpunguzii mwenzako kitu. Sikuingia na mtu, sikumsubiri mtu, ila nikiwa peke yangu pale kazi ile ni ngumu mno. Tangu Forestry, maboresho ya ukataji miti, ije 2023 hata kukata miti ni hivyo hivyo, mkiwa wengi kwenye mti mmoja kila mmoja anapata nguvu ya ziada, mnapiga stori mbili tatu, mtu anauliza levo yako, anakupongeza, anaondoka. Ule uwepo wao ndio unafanya vazi nililolihangaikia liwe na maana, kwa sababu kuna mtu atapita ataliona na atajua limepatikanaje.

Na hili sio la RuneScape tu. Kwenye EverQuest, gemu lingine la mtandaoni la 1999, klasi nyingi (aina za wahusika) zilikuwa zinateseka bila grupu, World of Warcraft (WoW) ilivyokuja 2004 ukaweza kwenda mpaka levo 60 kwa kwesti zako mwenyewe, yaani kazi unazopewa na gemu, na 2006 watafiti akina Nicolas Ducheneaut wakaonyesha kwamba wachezaji wake muda mwingi wanacheza wamezungukwa na watu zaidi ya kucheza nao. Ilishajulikana kitambo.

Kinachonipa wasiwasi ni pale wanapotupa nafasi kwa kutufungia chumbani. Final Fantasy XIV ilileta wenzako wa kompyuta kwenye danjoni (sehemu za kupigana kwa grupu) 2019, WoW nayo 2024 ikaleta delves, danjoni fupi ambazo unaingia mwenyewe na msaidizi, na nawashukuru, maana kwa anayekaa sehemu umeme unakatika bila taarifa, anacheza kwa bando, anaitwa kazini muda wowote, kuahidi watu wanne kwamba nitakuwepo saa tatu kamili mpaka tumalize ni kuwaonea tu wenzako. Ila humo ndani hakuna anayepita. Mi nataka niwe mwenyewe lakini barabarani, sio ndani ya boksi.

Na tusipewe makombo. Huku RuneScape kuna reidi, mapambano makubwa ya grupu, na Theatre of Blood ya 2018 kuimaliza peke yako ni ya waliobobea haswa, ila Tombs of Amascut ilipotoka 2022 walitufikiria tangu mwanzo, unaweza kuingia mmoja mpaka wanane, ugumu unajiwekea mwenyewe, na kwa kuwa gemu linapokea vitendo kwa mapigo ya sekunde 0.6, sio papo kwa papo, hata intaneti ya simu kutoka huku mpaka seva za Ulaya unajitahidi unaweza. Ndio ninakojiandaa kwenda sasa hivi, ranarr zote zinaelekea huko, na vitu vinavyotoka kwenye lile sanduku la mwisho ni vile vile anavyovipata aliyeingia na wenzake saba.