Bastola ndogo ya mfukoni: inamfaa nani huku Marekani

Mwezi wa Desemba huku Minnesota jua huzama saa kumi na nusu jioni. Anayefanya zamu ya mchana kwenye makao ya wazee hutoka saa tano usiku, akavuka maegesho yenye barafu hadi kwenye gari lililoganda, akaketi humo akisubiri kioo kiyeyuke. Wengi wetu tulio kwenye kazi za kutunza wagonjwa na wazee tunakijua kipindi hicho. Hapo ndipo mtu huanza kuwaza kuhusu silaha, na tangu nipate kibali cha kubeba, swali ninaloulizwa zaidi na dada zangu ni moja: ile bastola ndogo kabisa, inayopotea ndani ya kiganja, inafaa?

Nalijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu fupi linaweza kumponza mtu.

Kabla ya kaliba (upana wa risasi), makaratasi. Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi akiwemo, kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa kwa vipengele vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa. Mwenye grinikadi (kadi ya ukaaji wa kudumu) anaruhusiwa kununua, na hapa Minnesota anaweza kuomba kibali cha kubeba kwa sherifu wa kaunti yake baada ya kupata mafunzo. Kibali hicho hudumu miaka 5. Dukani utajaza fomu ya shirikisho iitwayo 4473, na fomu hiyo inauliza uraia wako. Ukijitangaza raia na wewe si raia, unaweza kujifungia mlango wa ukaaji na uraia maisha yako yote. Kuhukumiwa kwa kosa la silaha nako, hata likionekana dogo mbele ya hakimu, ni sababu inayojitegemea ya kufukuzwa nchini. Mzaliwa wa hapa atamaliza kifungo au faini arudi nyumbani kwake. Sisi tunaweza kupandishwa ndege.

Nawasihi hasa wanandoa wenye hali tofauti za uhamiaji. Kama mume ana grinikadi na mke bado yuko kwenye viza ya masomo, bastola iliyo kwenye droo wanayoitumia pamoja inaweza kumtia mke hatiani ingawa hakuigusa. Muulizeni wakili wa uhamiaji kwanza, si muuza duka. Muuza duka anajua bastola. Mambo yako ya uhamiaji hayajui.

Sasa bastola zenyewe. Kuna aina mbili ambazo watu huziita kwa jina moja, nazo zimetofautiana sana.

Ya kwanza ni kijirivolva chenyewe, yaani rivolva (bastola yenye silinda ya kuzunguka inayoshika risasi) iliyo ndogo kabisa, maarufu zaidi zikiwa zile za North American Arms ya Provo, Utah. Ile yenye mtutu mfupi kabisa ina uzito wa gramu zipatazo 130, pungufu ya simu yako. Inabeba risasi 5 za kaliba ya .22, za kawaida au zile ndefu za Magnum kutegemea umenunua ipi. Haina kikingo cha chuma kinachozunguka triga. Haina pia triga ya kuvuta moja kwa moja: kila risasi lazima ukikoki kinyundo cha nyuma, yaani ukivute nyuma kwa dole gumba hadi kishike, ndipo uvute triga. Risasi tano, kukoki mara tano.

Ya pili ni rivolva fupi ya risasi 5 za .38 Special. Smith & Wesson ilianza kuitengeneza mwaka 1950 kwa jina la Chiefs Special, na wajukuu wake kama modeli 442 na 642 wana fremu ya alumini na kinyundo kilichofichwa ndani, kisije kikanasa kwenye nguo. Ruger nayo ilitoa LCR mwaka 2009, sehemu ya umbo lake ikiwa plastiki ngumu. Hizi zina gramu 400 hivi. Unavuta triga tu, inafyatua, unavuta tena.

Nakiri kwamba hoja inayokipigania kile kijirivolva ni ya kweli: bastola uliyo nayo mwilini inaweza kukusaidia, ile kubwa uliyoiacha nyumbani haiwezi. Sare zetu za kazi ni suruali za kamba zisizoshika mkanda. Ukining'iniza kwenye kamba ile kitu cha gramu 700, suruali inashuka. Mwanamke aliyevaa gauni ana taabu hiyohiyo. Kitu cha gramu 130 hakionekani, hakivuti nguo, hakichoshi. Ndiyo maana watu huanza nacho.

Ila tazama kinachotokea unapokihitaji. Mafunzoni mwalimu wetu alituletea kimoja, nami niliomba nikijaribu nikiwa na glavu zangu za majira ya baridi, kwa sababu ndivyo ninavyotembea miezi mitano ya mwaka. Dole gumba halikukipata kinyundo. Kila nilipobonyeza, kitambaa kiliteleza na kinyundo kikarudi nusu njia. Mpini wenyewe ulishikwa na vidole viwili tu, kwa hiyo kila nilipojaribu kukoki bastola ilizunguka mkononi na mtutu ukaelekea pembeni. Ilikuwa haina risasi, namshukuru Mungu. Nilipovua glavu na kufyatua kwa risasi za kweli, umbali wa hatua tano, tundu zangu zilitawanyika kwenye karatasi toka begani hadi kiunoni. Naye mtu wa karatasi alikuwa amesimama tuli, hanikimbilii.

Kuna na suala la risasi yenyewe. Watu husema .22 ni ya kuulia sungura. Si kweli, .22 inaua binadamu. Tatizo ni kwamba unapojitetea haja yako ni mtu aache anachokufanyia sasa hivi, na risasi ndogo itokayo kwenye mtutu wa sentimita tatu hupoteza kasi nyingi, basi huenda ikamjeruhi vibaya mtu ambaye bado ana nguvu za kukudhuru. Ile ya Magnum inatoa mwali na kishindo kikubwa, ukadhani imefanya kazi kubwa, kumbe sehemu kubwa ya baruti imeungulia nje ya mtutu. Tena risasi za .22 zina kiwashio kilichomwagwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda, si katikati kama .38, na hushindwa kuwaka mara nyingi zaidi. Kwenye rivolva unaweza kuendelea na tundu linalofuata, hilo ni jema lake, lakini kwenye kijirivolva kuendelea ni kukoki tena.

Kujaza upya tusizungumze sana. Kwenye modeli za kawaida unachomoa kijiti cha katikati, unaitoa silinda nzima mkononi, unasukuma maganda moja moja kwa kijiti kile kile. Hakuna atakayekusubiri.

Jambo moja la usalama lakini lazima nilisifu. Zile za sasa zina mitai midogo kwenye silinda, kati ya tundu na tundu, ambamo kinyundo hulala kisiguse risasi yoyote. Ukikilaza humo, bastola ikianguka sakafuni haifyatuki. Ukisahau na kukiacha juu ya risasi, umebeba hatari mfukoni. Kila anayeimiliki lazima aliangalie hilo kwa macho, kila anapoijaza.

Rivolva ya .38 naiona ni silaha ya kweli, lakini si rahisi kama wauzaji wanavyowaambia kina mama: "chukua hii, nyepesi, haina mambo mengi." Wepesi huo ndio unaopiga teke. Nguvu ya risasi haipungui kwa sababu chuma kimepungua. Inahamia kwenye kiganja. Nilipopiga risasi kumi mfululizo ngozi kati ya dole gumba na kidole cha shahada ilichubuka, na tangu ya sita nilianza kufumba macho kabla ya kuvuta. Triga nayo ni ndefu na nzito, karibu kilo 5 za kuvuta, wakati bastola nzima haifiki nusu kilo, hivyo mtutu huyumba kabla risasi haijatoka. Mtutu ni mfupi, alama za kulengea ni kijichongo na mfereji juu ya fremu. Anayeipiga vizuri kwa umbali wa mita saba amefanya mazoezi, hakubahatisha.

Teke hilo lina madhara mengine yasiyosemwa dukani. Kwenye bastola nyepesi sana, risasi zilizobaki kwenye silinda hutikiswa kwa nguvu, na kichwa cha risasi kinaweza kuchomoka kidogo toka kwenye ganda lake, kikajitokeza mbele, silinda ikakwama. Hilo likitokea hulitengenezi kwa sekunde mbili. Kwa hiyo wale wanaosema rivolva haikwami kamwe wasikudanganye. Risasi za shabaha zenye kichwa bapa hupiga teke la wastani na hufaa zaidi kwenye bastola hizi kuliko zile kali zilizoandikwa maneno ya kutisha kwenye boksi. Kwa mikono midogo au yenye maumivu ya viungo, kuna rivolva za umbo hilohilo zinazotumia .32, na hizo napenda watu wazijaribu kabla ya kununua .38.

Wakati wa baridi ndipo rivolva yenye kinyundo cha ndani inapopata heshima yake. Unaweza kutembea maegeshoni mkono ukiwa ndani ya mfuko wa koti, umeishika mpini, hakuna anayejua. Ikilazimu, inaweza kufyatua ikiwa bado ndani ya mfuko. Bastola bapa za magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) kama Ruger LCP, iliyotoka mwaka 2008, hubeba risasi nyingi zaidi na hulala vizuri mfukoni, lakini sehemu yake ya juu lazima irudi nyuma kila inapofyatua, na ndani ya mfuko au ikikandamizwa mwilini mwa mtu inaweza kunasa baada ya risasi ya kwanza. Pia kuna dada zangu wasioweza kuivuta sehemu hiyo ya juu kwa nguvu za mikono yao. Kwa hao rivolva ni nafuu.

Mfuko huo uwe wa bastola peke yake, na bastola iwe ndani ya ala yake inayofunika triga. Funguo, lipstiki na tishu zitafute mahali pengine. Vumbi la mfukoni nalo hujaa kwenye silinda, lisafishe.

Mkoba wa mkononi siuafiki, na hapa siwezi kulegeza sauti. Tunajua shughuli zetu zilivyo: mikoba yote ya wageni inarundikwa kitandani chumba cha ndani, na watoto wanacheza humohumo. Kijirivolva cha gramu 130, kisicho na kikingo cha triga, mbele ya mtoto wa miaka minne kinafanana na mwanasesere. Minnesota ni kosa la jinai kuacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia, lakini mimi siifikirii sheria ninaposema haya. Udogo huo pia ndio unaofanya watu wasahau. Mwaka 2023 walinzi wa TSA, idara ya usalama wa usafiri, walikamata bunduki 6,737 kwenye vizuizi vya viwanja vya ndege vya nchi hii, nyingi zikiwa na risasi ndani. Ofisi za uhamiaji nazo ni majengo ya shirikisho, silaha hairuhusiwi. Hebu fikiria unakwenda usaili wa uraia na kile kitu kiko kwenye zipu ya pembeni tangu Jumamosi.

Kazini kwetu ni marufuku karibu kila mahali, mwajiri ana haki hiyo. Hawezi kukukataza kuiacha kihalali kwenye gari lako maegeshoni, sheria ya jimbo imesema hivyo. Basi ile raha ya bastola ndogo inayoingia kwenye sare ya kazi inapungua sana: saa nane za zamu inabaki garini, ambako wezi huvunja vioo. Ukiiacha, iwe ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye mguu wa kiti.

Na polisi. Philando Castile alikuwa na kibali cha Minnesota kama changu. Tarehe 6 Julai 2016, pale Falcon Heights, alisimamishwa barabarani, akamwambia askari kwa upole kwamba ana silaha, akapigwa risasi akafa, mwenzake na mtoto wakiwa garini. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwachia huru askari yule. Sisi weusi wenye lafudhi ngeni hatuwezi kuhesabu faida na hasara za bastola tukairuka siku ile. Mimi nikisimamishwa mikono inabaki juu ya usukani, taa ya ndani nimewasha, wala sifikii kitu chochote kabla sijaambiwa.

Nje ya nyumba yako, jimbo hili linakutaka uondoke kwanza kama unaweza kuondoka salama. Mtu anayetaka mkoba wako, mpe. Dawa ya pilipili ya kupuliza, hata kama upepo na baridi vinaipunguza nguvu, humsaidia zaidi yule asiyekuwa na muda wa mazoezi, na kusindikizana watu wawili hadi kwenye gari kunasaidia kuliko vyote.

Kwa hiyo nikiulizwa: kile kijirivolva cha .22, hapana, simshauri mtu anunue kama silaha yake ya pekee. Rivolva ya .38 au .32 yenye kinyundo cha ndani, ndiyo, kwa mwenye makaratasi yanayoruhusu, mwenye kasha la kufunga nyumbani, na atakayekwenda kufyatua kila mwezi. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola. Nenda na koti lako na glavu zako, muulize msimamizi kama unaweza kuzivaa, kodi zote mbili siku hiyohiyo, piga tano kwa tano. Kisha rudi ukaongee na mwenzako wa nyumbani kabla hujagusa ile fomu.